Clairaut, Mfaransa ambaye sisi watu wa ikweta tunafaa kumjua

Ukitoka Kisumu na matatu za Busia, mkishapita Kisian mnapanda ule mwinuko mpaka Maseno, na hapo kando ya barabara kuna alama ya ikweta, watu hushuka wakapiga picha mguu mmoja kaskazini mwingine kusini halafu wanaendelea na safari yao. Mimi nafundisha hesabu pande hizi, hiyo alama naipita kila mara, na nikifika tu ile mada ya longitudo na latitudo na kidato cha nne lazima kuna mwanafunzi atainua mkono aulize, mwalimu, hii rediasi ya dunia 6370 tunayopewa kwa swali ilitoka wapi, nani alienda kupima? Hilo swali nalipenda kushinda mada yenyewe. Jibu lake ni refu na ndani yake kuna mtu mmoja ambaye nimemsoma mpaka nikampenda, anaitwa Alexis Claude Clairaut, tamka Klero. Wale mmefika yunivasiti pengine mmekutana na jina lake kwa zile hesabu za difrenshali, mkaambiwa hii ni ikweshen ya Clairaut, mkaifanya mkapita mtihani basi. Jamani huyo mtu ana mambo zaidi ya hiyo ikweshen.

Tuanze na hiyo 6370. Hiyo ni wastani tu. Kutoka kitovu cha dunia mpaka hapa ikweta ni kama kilomita 6378, na kutoka kitovu mpaka ncha ya kaskazini ni kama 6357, kwa hivyo tofauti ni kilomita 21 hivi. Sisi wa Maseno na Luanda, na wenzetu wa Mogotio huko juu ya Nakuru, tuko mbali na kitovu cha dunia kuliko mtu wa Paris, na hapo hata hujahesabu mlima wowote. Leo mtoto anaambiwa hivyo anaandika kwa daftari, lakini miaka ya 1730 wasomi wakubwa kabisa wa Ulaya walikuwa wanagombana juu ya hiyo kitu. Newton kule Uingereza alisema dunia inazunguka, kwa hivyo lazima imefura hapa katikati na kubonyea huko nchani, kama chungwa. Wafaransa nao walikuwa na akina Cassini, familia iliyoshikilia kituo cha kuangalia nyota cha Paris, na Jacques Cassini alikuwa amepima Ufaransa kutoka Dunkirk kule kaskazini mpaka karibu na mpaka wa Hispania, akasema vipimo vyake vinaonyesha kinyume, dunia ni ndefu kwa ncha, kama limau. Na si kwamba Cassini alikuwa mjinga, hapana, alikuwa amepima kweli, shida ni kwamba tofauti aliyokuwa anaitafuta ndani ya Ufaransa ilikuwa ndogo kuliko makosa ya vifaa vyake.

Halafu kulikuwa na ile mambo ya saa. Mwaka 1672 Mfaransa mmoja Jean Richer alienda Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta, na saa ya pendulamu iliyokuwa inaenda sawa Paris, na ikifika huko inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Ilibidi aipunguze ule urefu wa pendulamu ndio iende sawa. Maana yake ni kwamba nguvu ya mvutano huku kwetu ni kidogo kuliko huko kwao. Hii mwanafunzi hutoa macho ukimwambia, kwa sababu tumemfundisha g ni 9.8, wakati mwingine tunamwambia tu tumia 10, na hajawahi kufikiria kwamba g inabadilika ukisafiri.

Basi Académie ya sayansi ya Paris ikaamua kutuma watu wakapime mbali kabisa ndio ubishi uishe. Kundi moja likaenda mwaka 1735 mpaka Peru ya wakati huo, mahali sasa ni Ekwado, Godin na Bouguer na La Condamine, na hao waliteseka huko miaka na miaka. Kundi la pili likaenda kaskazini, Lapland, mwaka 1736, likiongozwa na Maupertuis, na ndani yake alikuwa Celsius wa Uswidi, yule wa digrii za joto, na Clairaut akiwa na miaka 23 tu.

Hapo kwa hiyo safari ndio mimi hukaa sana nikiwasimulia watoto. Walikuwa wanafuata mto Torne, majira ya joto wanapanda vilima kuweka alama na kupima pembe za pembetatu moja baada ya nyingine, wadudu wanawauma mpaka hawawezi kula vizuri, mtu wa kando ya ziwa hapa Kisumu anaelewa hiyo bila kuelezwa. Lakini pembetatu zote hizo hazikusaidii kama huna upande mmoja uliopimwa kwa mkono, lazima kuwe na mstari mmoja unaojua urefu wake halisi, mingine yote unaitoa kwa hesabu. Na huo mstari waliupima Desemba, juu ya mto ulioganda, kwa fito ndefu za mbao, unalaza moja, unaweka nyingine mbele yake, unachukua ya nyuma unaipeleka mbele, hivyo hivyo kilomita 14 na kitu. Baridi ilikuwa ya kiasi kwamba kinywaji pekee ambacho hakikuganda ni pombe kali, na ukiweka kikombe mdomoni ulimi na midomo vinashika hapo, unatoa na damu. Waligawanyika makundi mawili, kila kundi likapima mstari wote lenyewe, na mwishowe walipolinganisha tofauti ilikuwa kama inchi nne. Inchi nne kwa kilomita 14! Juu ya barafu, gizani, maana jua huko Desemba halionekani vizuri.

Jibu walilopata ni kwamba digrii moja ya latitudo kule kaskazini ni zaidi ya toise 57,400, toise ni kipimo chao cha zamani karibu mita mbili, na Paris ilikuwa imepimwa kama 57,060. Digrii inarefuka ukienda kaskazini, yaani huko uso wa dunia haujapinda sana, kwa hivyo huko dunia imebonyea, kwa hivyo Newton alisema kweli. Wale wa Peru walipomaliza walipata kama 56,750, na hapo ubishi ukaisha. Vipimo vya Lapland baadaye viligunduliwa vilikuwa vimezidisha kidogo, lakini uamuzi wenyewe haukubadilika.

Sasa huyo Clairaut alitoka wapi mpaka anabebwa kwa safari kama hiyo akiwa mdogo hivyo? Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu Paris, na alimfundisha kusoma kwa kutumia kitabu cha Euclid, yaani mtoto alijifunza herufi kwa jiometria. Miaka kumi alikuwa anasoma kitabu cha kalkulasi cha de l'Hôpital. Mwaka 1726, akiwa na miaka 13 hivi, alisimama mbele ya Académie akasoma kazi yake juu ya mistari minne ya kujipinda aliyoigundua mwenyewe. Kufika miaka 18, mwaka 1731, akaingizwa Académie, na sheria ilisema mpaka ufikishe 20, ikabidi mfalme aruhusu. Hakuna aliyewahi kuingia mdogo kama yeye. Watu hupenda kuishia hapo, ati kipaji, ati jiniasi. Mimi naona huzuni pia kwa hiyo nyumba. Mama yake alizaa watoto kama ishirini na ni huyu mmoja tu aliyefika utu uzima. Alikuwa na mdogo wake ambaye naye alisoma kazi mbele ya Académie akiwa na miaka 14, mkali kama kaka yake, akafa kwa ndui mwaka 1732 na miaka 16. Nikisoma habari za Clairaut namkumbuka huyo kijana ambaye hata jina lake watu hawalijui.

Kuna kitu kimoja hasa kinachonifanya nimheshimu Clairaut, na ndicho nataka mtu akumbuke kwa haya yote: alikuwa anaimaliza hesabu. Wengi wanakuwa na wazo zuri, wanafanya mistari mitatu, jibu likikaribia wanaweka kalamu chini. Yeye hapana.

Angalia hii ya umbo la dunia. Baada ya kurudi Lapland alikaa na hilo swali miaka, na 1743 akatoa kitabu juu ya umbo la dunia. Newton alikuwa amefanya hesabu yake akichukulia kwamba dunia ni kitu kimoja ndani na nje, uzito sawa kila mahali. Clairaut akasema sawa, lakini je, kama ndani ni nzito kuliko juu, imepangwa tabaka kwa tabaka na hatujui ni tabaka zipi? Na akathibitisha kitu cha ajabu, kwamba hata usipojua tabaka za ndani zikoje, kuna uhusiano ambao hauponyoki. Chukua ni kiasi gani mvutano wa nchani unazidi wa ikweta, ongeza ni kiasi gani dunia imebonyea, jumla yake lazima iwe mara mbili na nusu ya ile nguvu ya kuzunguka hapa ikweta ukilinganisha na mvutano wenyewe.

Tufanye pamoja, chukua kalkuleta. Mvutano nchani ni 9.832, ikweta 9.780, tofauti ni 0.052, gawanya kwa 9.780 unapata kama 0.0053. Sasa ile ya kuzunguka: hapa Maseno tunazungushwa na dunia karibu kilomita 1,670 kwa saa, hatusikii tu, na hiyo inatupunguzia mvutano kwa kama sehemu moja kwa 288. Moja gawanya kwa 288, zidisha kwa 2.5, unapata 0.00868. Toa 0.0053. Inabaki 0.0034 hivi, na ukibeba desimali zote vizuri ni moja kwa 297 hivi. Haya, 6378 gawanya kwa 297 ni nini? Ni kilomita 21 na kidogo. Ile ile tuliyoanza nayo! Na hukupanda kilima, hukulaza fito kwenye barafu, umetumia saa na pendulamu tu. Nilipoifanya hii mara ya kwanza ikatoka nilisimama nikazunguka nyumba. Hesabu ya 1743, iliyofanywa kwa kalamu ya manyoya, inakubaliana na vipimo vya satelaiti.

Halafu kuna mwezi. Ile sehemu ya njia ya mwezi ambapo mwezi unakuwa mbali zaidi na sisi haikai mahali pamoja, inazunguka polepole, mzunguko mzima unachukua karibu miaka tisa. Newton alijaribu kuitoa kwa sheria yake akapata nusu tu ya mwendo. Clairaut akafanya, naye akapata nusu, yaani kwa hesabu yake ingechukua miaka 18. Euler akapata nusu. D'Alembert akapata nusu. Watu wakali wote wa Ulaya, jibu moja, na mbinguni mwezi unasema kingine. Basi Novemba 1747 Clairaut akasimama Académie akatangaza kwamba sheria ya mvutano ya Newton haitoshi, inahitaji kuongezewa kitu. Fikiria kelele iliyotokea. Buffon, msomi mwingine wa Ufaransa, akampinga vikali, ati sheria ya maumbile haiwezi kuwa ya kuungwaungwa hivyo, na Clairaut akamjibu, wakapigana kwa maandishi muda mrefu.

Na hapo ndio nampenda zaidi. Badala ya kukaa akitetea maneno yake alirudi kwa hesabu. Unajua hizo hesabu za mwezi haziishi, unapata sehemu kubwa kwanza, halafu kuna sehemu ndogo, halafu ndogo zaidi, na kila mtu alikuwa amezitupa zile ndogo akifikiria haziwezi kubadilisha kitu. Yeye akazifanya. Na zile ndogo, zikikusanywa, zikaleta nusu nzima iliyokuwa imepotea! Mei 1749 akasimama tena mahali pale pale akasema sheria ya Newton iko sawa. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyekuwa amemshika kosa, Euler mwenyewe alikuwa bado haelewi ameifanyaje na akataka sana kujua, mpaka Académie ya St Petersburg ikaweka swali hilo kwa zawadi na Clairaut akaichukua.

Mwaka huo huo 1749, Septemba, alifariki Émilie du Châtelet, mwanamke ambaye Clairaut alikuwa amemfundisha hesabu na ambaye alitafsiri kitabu kikuu cha Newton kwa Kifaransa. Alikuwa mjamzito akimalizia hiyo kazi, akafa siku chache baada ya kujifungua. Clairaut ndiye aliyekuwa akiipitia hiyo tafsiri pamoja naye, na ikatoka nzima mwaka 1759.

1759 ni mwaka wa kometi, nyota yenye mkia. Halley, msomi wa nyota wa Uingereza, alikuwa amesema zile kometi za 1531, 1607 na 1682 ni moja, na itarudi kama mwisho wa 1758 au mwanzo wa 1759. Lakini ukiangalia hiyo miaka utaona mizunguko haikulingana, mmoja miaka 76 mwingine 75, kwa sababu Mshtarii na Zohali, hizo sayari kubwa, zinaivuta njiani. Kwa hivyo itarudi lini hasa? Ili kujua lazima ufuate njia yote, hatua kwa hatua, zaidi ya miaka mia na hamsini, kila hatua ukihesabu sayari iko wapi na inavuta kiasi gani. Clairaut akatengeneza njia ya kuhesabu, na waliokaa chini wakapiga hizo namba ni Lalande, msomi wa nyota wa Ufaransa, na mwanamke anaitwa Nicole-Reine Lepaute, mke wa fundi wa saa wa mfalme. Lalande aliandika kwamba kwa miezi sita walihesabu kutoka asubuhi mpaka jioni, wakati mwingine hata mezani wakila, na yeye mwenyewe akapata ugonjwa uliombadilisha afya maisha yake yote. Akasema pia kwamba bila Lepaute wasingethubutu kuianza.

Novemba 14, 1758 Clairaut akatangaza: sayari zimeichelewesha siku 618, itapita karibu na jua katikati ya Aprili 1759, labda mwezi mmoja mbele au nyuma. Aliyeiona wa kwanza, usiku wa Krismasi, hakuwa msomi wa Paris, alikuwa mkulima karibu na Dresden, Palitzsch, aliyejifundisha nyota mwenyewe. Na ikapita karibu na jua Machi 13. Imekosa kwa kama mwezi mmoja, katika safari ya miaka 76, na sayari za Uranus na Neptune wakati huo hakuna aliyejua kwamba ziko.

D'Alembert alimshambulia ati huo mwezi mmoja ni kosa kubwa. Mimi hilo silijali. Linaloniuma ni lingine. Kitabu cha Clairaut juu ya kometi kilipotoka 1760, shukrani kwa Lepaute hazikuwemo. Zilikuwa zimeondolewa. Lalande aliudhika na baadaye akaandika wazi kazi aliyofanya huyo mama, na ndio maana sisi leo tunamjua. Lakini mtu aliyerudi hadharani kusahihisha hesabu ya mwezi bila kusukumwa, alishindwa kuacha jina la mtu mmoja kwa ukurasa. Siwezi kulipita hilo haraka na sitaki wanafunzi wangu walipite, hasa wasichana. Nikifundisha hiyo kometi naandika ubaoni majina matatu.

Alikufa Mei 1765, hapo hapo Paris, ugonjwa wa siku chache, miaka 52 tu. Hakuoa. Watu waliomjua walisema alipenda sana karamu na kualikwa, afya ikaharibika.

Kuna kazi yake nyingine haiongelewi sana na kwangu mimi mwalimu ndio inanisaidia kila wiki. Mwaka 1741 aliandika kitabu cha jiometria cha watu wanaoanza. Alilalamika ndani yake kwamba vitabu vinamwanzishia mwanafunzi na maelezo makavu, nukta ni nini, mstari ni nini, kabla hajajua anaelekea wapi, na ndio maana wanachoka mapema. Yeye akasema hii elimu ilizaliwa kwa kupima ardhi, basi tuanzie shambani. Una shamba, halina umbo la kueleweka, unataka kujua ukubwa. Unaligawa pembetatu. Kupima pembetatu unahitaji urefu wake wa kusimama, kwa hivyo sasa unahitaji kujua jinsi ya kutoa mstari ulionyooka wima kutoka kwa mwingine, na hapo ndio unafundishwa, wakati tayari unaihitaji.

Sasa huku kwetu mashamba ni madogo, yamegawanywa babu mpaka mjukuu, na kila nyumba ina habari ya mpaka. Hakuna mtoto wa Luanda ambaye kupima shamba ni jambo la mbali kwake. Nilichukua darasa nyuma ya shule mahali pana pembe nne zisizolingana, nikawapa kamba na vigingi, hakuna daftari kwanza. Wakavuta kamba kona mpaka kona, mita 40. Halafu kutoka kona zilizobaki, upande huu kundi la kwanza likapata mita 18, upande ule 22. Nusu ya 40, mara jumla ya 18 na 22, mita mraba 800, moja kwa tano ya ekari hivi. Kundi la pili wakasema hapana, wao wana 840, na wakaanza kurushiana maneno nani hajui kushika kamba. Niliwaacha wabishane kidogo ndipo nikawasimulia ya barafu na zile inchi nne. Wakarudi wenyewe kupima, na ikajulikana kundi la pili mstari wao mmoja haukusimama wima, ulikuwa umelalia upande wa ua kwa sababu ya mchongoma. Msichana aliyekuwa ameshika kigingi akaniuliza, sasa mwalimu unajuaje mstari umesimama wima kama huna seti skwea? Hilo ndilo somo letu la Jumatatu.